Kizunguzungu cha Bibi Harusi

— Mchumba wako ana mimba, na si yako.

Bisibisi ilimponyoka Fundi mkononi, ikadondoka nyuma ya friji ya mteja. Aliyepiga simu alikuwa dada yake, mtu asiyeweza kukaa na habari mbaya hata dakika tano.

— Dada, unasema nini?

— Nasema nilichokiona kwa macho yangu. Nimepita uwanjani asubuhi. Mwalimu wako kashika nguzo ya goli, anayumba, anatapika, na kocha wa mazoezi wa pale kamshika kiuno! Zimebaki wiki tatu mfunge ndoa, mdogo wangu. Fumbua macho.

Fundi alirudi kwenye kazi, akakaza nati ileile mara tatu. Yeye na Mwalimu, aliyefundisha darasa la kwanza mtaa wa pili, walikubaliana kusubiri hadi ndoa. Sasa mimba imetoka wapi? Akatuma ujumbe:

"Uko wapi?"

"Nyumbani. Nimeomba ruhusa kazini, sijisikii vizuri."

"Uko na nani?"

Hakungoja jibu. Alifunga mkoba wa vifaa, akamwacha mteja mdomo wazi.

Alimkuta Mwalimu kaketi sakafuni, kaegemea ukuta, raba za mazoezi bado miguuni, midomo imemkauka.

— Ni ya nani?

— Nini?

— Mimba! Usinizungushe. Dada kakuona uwanjani.

Mwalimu akainuka kwa hasira, akielekea mlangoni ili amfungulie atoke. Hakufika. Macho yalimgeuka, akaanguka, Fundi akamdaka kichwa kikiwa karibu kugonga kona ya kabati.

Zahanati ilikuwa barabara ya pili. Muuguzi, mama mmoja asiye na haraka, alimpima presha na mkojo, akamlaza, akavuta kiti.

— Umekula nini leo, mwanangu?

— Bado sijala.

— Jana je?

— Tango. Na chai ya rangi, bila sukari.

— Na mazoezi?

— Nakimbia. Mizunguko kumi asubuhi, kumi jioni.

— Mimba hamna hapa. Unakimbia na tumbo tupu, maji hunywi, halafu unasimama ghafla. Damu inachelewa kupanda kichwani. Usipoona kizunguzungu wewe, aone nani? Nani kakutuma ujitese hivi?

Mwalimu alimnyooshea Fundi kidole.

— Mimi?

— Siku ile unapima suti. Mbele ya rafiki zako ulisema, "Huyu kwenye picha za harusi atanifunika kama pazia." Mkacheka wote. Na mimi nikacheka. Nilipofika nyumbani nikalia.

— Ilikuwa mzaha, mpenzi.

— Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Lakini hilo ningekusamehe. Leo umenikuta siwezi hata kusimama, na swali lako la kwanza likawa "ni ya nani". Hukuniuliza naumwa nini.

Muuguzi akakumbuka ana kazi chumba cha pili.

Fundi alikosa pa kuweka mikono. Akatoa simu, akampigia dada yake, akaiweka sauti ya juu.

— Dada, hana mimba. Ana njaa, na njaa hiyo nimemsababishia mimi. Wewe ulimwona mtu anayumba, ukakimbilia simu. Kocha aliyemshika asianguke nikamchukia bure.

— Jamani, mdogo wangu, mimi nilikuwa nakulinda...

— Ungenilinda na mdomo wangu kwanza.

Akakata. Mwalimu alikuwa kageukia ukutani, mabega yanatikisika.

— Harusi isogezwe, alisema. Siwezi kuolewa na mtu ninayeogopa kula mbele yake.

— Hata mwaka, nitasubiri.

— Miezi miwili. Usinizidishie.

Kesho yake dada alibisha hodi kwa Mwalimu, kabeba chupa ya uji. Alisema "Wifi, nimekosa," basi. Kwa mdomo ule, hiyo ilikuwa hotuba ndefu. Fundi akazunguka kwa rafiki zake mmoja mmoja, akaomba radhi kwa ule mzaha mbele yao waliocheka. Mwalimu aliendelea kukimbia, ila baada ya kula, na kwa sababu alipenda.

Siku ya ndoa, mlangoni pa ukumbi, Fundi alimwinamia sikioni.

— Unajisikiaje?

— Naogopa kidogo.

— Tukae kwanza?

— Hapana. Nishike tu.

Akamshika, wakaingia.