Kipimo cha Chiriku

Kila asubuhi, kabla ya chai, Chiriku alikuwa na kazi ambayo hakuna mwanafunzi mwingine darasani kwake aliyekuwa nayo: kupima mkojo wa dada yake. Dada alikojoa kwenye kikombe cha plastiki, Chiriku akachovya kijikaratasi cha kupimia, akasubiri kidogo, kisha akampelekea mama. Kikibaki cha njano, figo za dada zilikuwa zimeamka vizuri. Kikigeuka kijani, zilikuwa zinavujisha protini kama chujio lililotoboka, na mwili wake ungeanza kujaa maji.

Mama alikuwa fundi cherehani. Alikitazama bila kuondoa mguu kwenye kanyagio.

"Njano. Haya, shule!"

Jina la Chiriku lilitokana na mdomo wake. "Huyu mpe siri sasa hivi," mama alipenda kusema, "chai haijapoa, mpaka kuku wa jirani wameshaijua." Lakini safari hii Chiriku alikuwa ametunza siri kwa majuma kadhaa, nayo ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Ule mkojo ulikuwa wake yeye Chiriku, si wa dada.

Dada alikuwa amemaliza shule kwa alama nzuri, na ndoto yake ilikuwa kusomea udaktari. Mwaka uliopita maombi ya chuo yalifunguliwa na kufungwa akiwa amelazwa. Mwaka huu daktari wake wa figo alimwambia waziwazi, "Kipimo kikikaa njano, omba. Kikigeuka kijani, njoo kwangu mbio, na chuo kisubiri mwakani. Masomo yale hayamhurumii mtu."

Kilikaa njano. Kisha asubuhi moja kikageuka kijani kibichi.

Dada alimvuta Chiriku bafuni akakomea mlango. Akamnyooshea kikombe.

"Mdogo wangu, nisaidie. Kojoa wewe."

"Mimi? Mimi siumwi."

"Ndiyo maana! Maombi yakishafungwa nitamwambia mama mwenyewe. Nikisubiri tena, wenzangu niliosoma nao ndio watakaokuja kunitibu."

Chiriku alimpenda dada yake kuliko alivyoipenda kweli. Akakichukua kikombe.

Dada alianza kuvaa sketi ndefu. Viatu vilimkataa, akahamia kandambili. Usiku alilala ameketi, kitabu mapajani, akidai anasoma. Siku moja Chiriku alimbonyeza mguu kwa kidole, na shimo likabaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa.

"Dada, tumwambie mama."

"Bado hadi Ijumaa tu, maombi yafungwe. Ukisema, utakuwa umeniua."

Jumatano mchana dada alianguka jikoni. Mama alimkuta midomo imebadilika rangi, pumzi zikitoka kwa kukwaruza. Alimbeba mgongoni kama mtoto mchanga hadi barabarani, akasimamisha gari la kwanza lililopita.

Hospitalini, daktari wa zamu, kijana mwenye macho mekundu ya usingizi, aliuliza maswali huku akimvalisha dada barakoa ya hewa.

"Ana ugonjwa wowote?"

"Wa figo," mama alijibu. "Lakini figo ziko sawa. Tunampima kila siku. Leo asubuhi njano, nimeona kwa macho yangu."

"Basi huenda ni moyo. Tuanzie huko."

Akaagiza mashine ya kupimia moyo. Mashine ilikuwa jengo la pili, kwa mgonjwa mwingine. Muuguzi alileta kikombe apate mkojo, lakini dada hakuweza kutoa hata tone. Wakasubiri. Kifua cha dada kilipanda na kushuka kwa tabu, kila pumzi fupi kuliko iliyotangulia.

Juu ya barakoa, macho ya dada yalimtafuta Chiriku. Akatikisa kichwa polepole: usiseme.

Chiriku alimtazama mama, kisha dada. Akisema, anaizika ndoto ya dada. Asiposema, atamzika dada mwenyewe.

"Ni wangu!" alipiga kelele.

"Nini chako?" mama akageuka.

"Mkojo! Kila asubuhi ulikuwa wangu. Wake ni kijani. Miguu yake imejaa, mama, mfunueni muone!"

Daktari aliinua sketi, akabonyeza mguu, akaguna. Hakungoja mashine tena. Alimpigia simu daktari wa figo, na dawa ikaingizwa kwenye mshipa. Mama hakumpiga Chiriku. Afadhali angempiga. Alimtazama tu, halafu akaketi sakafuni, fundi yule asiyetulia hata siku ya mapumziko.

Kufikia Ijumaa, dada aliweza kupumua bila barakoa. Kitu cha kwanza alichoomba kilikuwa simu.

"Maombi yanafungwa leo. Nimeshajaza kila kitu, kimebaki kutuma."

"Tuma," mama akasema. "Simu ni yako. Ila siku ya kufungua chuo, utakwenda na kitanda hiki?"

Dada akaanza kulia. Daktari wa figo, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba, alivuta kiti.

"Kwa hiyo nimeshindwa," dada alisema.

"Umeumwa. Kuumwa na kushindwa havina undugu. Hebu nikuulize, daktari mwenzangu: mgonjwa akikuletea mkojo wa mdogo wake, utamtibu nani?"

Dada alimtupia jicho Chiriku.

"Mdogo wake," akajibu kwa sauti ndogo.

"Na mgonjwa?"

"Atakufa."

Dada aliitazama simu, kisha akaizima mwenyewe. "Mwakani," alisema.

"Mwakani, figo zikitulia. Zisipotulia nitakwambia ukweli, hata ukiwa mchungu. Nawe uniambie wako."

Daktari alipotoka, mama aliwageukia wanawe.

"Sikieni, nasema mara moja. Mficha maradhi kifo humuumbua; juzi nusura kituumbue sote. Wewe mkubwa, chuo kitakuwepo mwaka ujao, lakini mwenye kwenda lazima awepo. Kusubiri upone ni sehemu ya safari. Na wewe mdogo, siri inayomuumiza mtu si amana. Ukipewa, itoe siku hiyo hiyo kwa mtu mzima, hata ukililiwa, hata ukichukiwa."

Chiriku alisimama mlangoni, hakuthubutu kusogea.

"Umenikosesha chuo," dada alisema.

"Najua."

"Na umenichelewesha kupona, ulipokubali kunisaidia kwenye ujinga wangu."

"Hilo pia najua."

Dada alijisogeza kwa shida ukutani, akaacha nafasi pembeni ya godoro.

"Basi njoo ulale hapa. Miguu yangu ndiyo iliyojaa, kitanda bado."