Simu Zilizolia Kabatini

Bi Funguo ni jirani yetu, mwalimu wa ushauri katika shule moja ya sekondari. Jina hilo alipewa na wanafunzi, kwa kuwa ndiye anayeshika funguo za kabati la simu. Kila asubuhi kabla ya gwaride wanafunzi hupanga foleni mlangoni pake, kila mmoja anazima simu yake na kuikabidhi, naye anazifungia zote kwenye kabati la chuma mpaka jioni. Mkuu wa shule aliusifia mpango huo kila mahali. Aliwaambia wazazi kwamba mitandao imewaharibu watoto, na kwamba shuleni kwake ugonjwa huo umepata dawa. Kisha alichomoa simu yake mfukoni akawapiga wazazi picha za kurusha kwenye ukurasa wa shule. Nyani haoni kundule.

Asubuhi moja binti wa kidato cha tatu alianguka kifafa katikati ya gwaride. Povu lilimtoka, akajikojolea. Kufikia jioni picha yake ilikuwa imeenea mpaka sokoni, na chini yake maneno ya kejeli. Mkuu alilichapa viboko darasa zima la binti, akisema picha imetoka kwao. Binti hakurudi shule. Alianza kujifungia chumbani, akiogopa kwamba akianguka tena mtu atampiga picha. Akaanguka tena, peke yake, komeo limefungwa kwa ndani. Mama yake alimwita mlangoni hadi sauti ikamkauka.

Baada ya mazishi, kabati likaanza kulia.

Lililia saa ya gwaride. Simu zote zilizozimwa zililia kwa pamoja, mlio mmoja. Bi Funguo alikimbia akafungua. Zikanyamaza. Kila kioo kilikuwa kimewaka, na kila kioo kilikuwa na picha ile: binti amelala mchangani, macho yamefumbwa. Kesho yake ikawa vilevile. Keshokutwa tena, ila safari hii macho yalikuwa wazi.

Mkuu hakutaka kusikia habari za mizimu. Mchawi wake alikuwa naye tayari: mdogo wa marehemu, mtoto wa kidato cha kwanza. Alisema huyo ndiye anayechezea laini ya dada yake ili alipize kisasi, na dawa yake ni kufukuzwa. Akaitisha kikao cha walimu wote, mtoto akaletwa mbele yao, amevaa sweta la dada yake linalompwaya. Bi Funguo alimtazama akajua kwamba akifukuzwa kwa jina la uchawi, hakuna shule itakayompokea. Naye atajifungia, kama mwenzake. Mama yule atabaki na milango miwili ya kugonga.

Mkuu alimuuliza simu anaificha wapi. Mtoto akajibu kwamba hana simu, hajawahi kuwa nayo.

"Nani siku hizi asiye na simu?" mkuu akasema, na walimu wakacheka.

Kicheko hicho kilimpanda Bi Funguo kichwani. Alikuwa ameshakiona. Jioni ile ya picha alikiona kwenye kundi la walimu la simuni, vijiuso vya emoji vya kucheka mpaka machozi vimejipanga chini ya picha ya mtoto wa watu. Aliona, akajua, akanyamaza, maana mkuu ni mkuu. Sasa hasira ilimsimamisha.

"Picha ile ilipigwa saa ya gwaride," alisema. "Simu za wanafunzi zilikuwa kabatini. Nilizifunga mwenyewe. Waliokuwa na simu uwanjani ni sisi."

Akawatazama mmoja mmoja.

"Mmewachapa watoto kwa picha mliyoipiga nyinyi. Mkaicheka. Mkamzika mwenye picha hiyo. Na sasa mnamtaka huyu."

"Kaa chini, mwalimu," mkuu alinong'ona.

Ndipo zikalia.

Si kabatini. Mifukoni. Kwenye mikoba. Mlio mmoja. Mtoto alisimama palepale, mikono mitupu, hajapepesa jicho.

Mkuu alichungulia simu yake, akailaza kifudifudi mezani. Haikunyamaza. Bi Funguo akaigeuza. Uwanja uleule. Mchanga uleule. Sketi iliyolowa. Lakini uso ulikuwa wa mkuu, na povu lilikuwa la mkuu. Mwalimu wa hesabu alitazama yake, akaanza kulia kama mtoto. Kila mmoja alijikuta mwenyewe amelala pale chini.

Mtoto alirudi darasani mchana huohuo, na mpaka leo hakuna aliyethubutu kumwita tena. Kabati limenyamaza. Walimu walijaribu kuifuta picha, haikufutika. Wengine walinunua simu mpya, wakaikuta humo inawasubiri.

Bi Funguo aliifungua simu yake mwisho, alipokuwa peke yake ofisini. Alitumaini haitakuwa na kitu, kwa kuwa yeye hakucheka. Ukimwomba atakuonyesha, hafichi. Utaona mchanga, utaona sare ya shule, utaona uso wake, macho wazi. Chini ya pua pana ngozi tupu. Mdomo haupo.