Ndevu za Mawe

Kila asubuhi, kabla ukungu wa baharini haujaondoka kwenye bonde la mto mkavu wa Kuiseb, jangwani, Elfriede alitoka na ndoo kukinga matone yaliyochuruzika kutoka kwenye bati. Maji hayo kidogo aliwapelekea punda wawili, Soksi na Waziri. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya Babu Hosea. Babu alifariki majira ya baridi yaliyopita, na kofia yake ilikuwa bado kwenye msumari mlangoni. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuiondoa.

Kwa miaka mingi Babu aliongoza wageni wa hifadhi. Watu wengine walikimbilia vilima vyekundu vya mchanga, wakapiga picha, wakaondoka. Babu aliwapeleka ng'ambo ya pili ya mto, kwenye uwanda wa changarawe ambako macho ya mgeni hayaoni kitu. Aliwapigisha magoti, kisha akadondosha maji kwenye jiwe lililofunikwa na vijani vikavu, vyeusi kama masizi. Vijani vile vikafunguka polepole, vikawa vya kijani kibichi. Babu aliviita ndevu za mawe. Alisema vina umri mkubwa kuliko yeye, navyo havitaki kitu ila ukungu na kuachwa vilivyo.

Wakati wa likizo alikuja Retha, binamu yake Elfriede kutoka mji wa Walvis Bay. Siku ya pili tu alianza kulalamika.

"Hapa kuna nini sasa? Mawe, punda, na bibi anayekoroga nara kutwa nzima!"

"Kuna vitu vingi," alisema Elfriede.

"Vitaje."

"Nitakuonyesha."

"Wee! Utanionyesha jiwe kubwa na jiwe dogo?"

Bibi Lukretia, mjane wa Babu, alikuwa akichochea moto chini ya chungu cha nara, yale matikiti ya jangwani yenye miiba. Aliwatuma kuni kwa mkokoteni wa punda, akaongeza, "Mkifika uwandani, mkokoteni uachwe kwenye jiwe jeupe. Mbele ya hapo ni miguu tu, tena ndani ya njia ya zamani, mmoja nyuma ya mwingine. Mmenisikia?"

"Tumesikia, Bibi."

Walipofika kwenye jiwe jeupe, jua lilikuwa limeanza kuchoma. Njia ya zamani ilikuwa michirizi miwili ya magurudumu iliyopitia mbali kabla ya kufika kwenye ndevu nzuri zaidi, zile za rangi ya chungwa. Retha alikaa juu ya mkokoteni akakunja mikono.

"Mimi sitembei. Kumbe hata njia ya mkato huijui! Mtu wa jangwani gani wewe?"

Maneno yale yalimchoma Elfriede. Mjukuu wa Hosea, asijue njia? Alimpiga Soksi kiboko kidogo, akawakatisha punda moja kwa moja kupitia uwandani. Chini ya magurudumu alisikia mlio mwembamba, kama wa mkate mkavu unapovunjwa. Aliusikia vizuri, lakini hakusimama.

Walifika. Alidondosha maji na ndevu zikafunguka. Retha alipiga magoti mwenyewe, akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu aje. Elfriede angefurahi, lakini aligeuka nyuma akaona michirizi miwili mipya, myeupe, iliyonyooka katikati ya weusi wote ule.

"Upepo utaifuta," alisema Retha.

Elfriede alishika hatamu za punda. Alijua upepo wa pale haufuti kitu.

Siku mbili baadaye alikuja askari wa hifadhi, Bwana Goraseb. Alikaa nje ya nyumba, akapewa chai, akaizungusha kikombeni bila kunywa.

"Mama Lukretia, kuna mkokoteni umepita juu ya ndevu. Hapa mikokoteni iko miwili tu, wenu na wa Mzee Fillemon. Mlikuwa huko?"

Bibi alimgeukia mjukuu wake. "Mliuacha wapi mkokoteni siku ile ya kuni?"

"Kwenye jiwe jeupe, Bibi."

Jibu lilitoka jepesi, kama jina lake mwenyewe. Retha alikuwa akichora chini kwa kidole cha mguu.

"Basi ni Fillemon," alisema askari, akashusha pumzi. "Na macho yake yale! Itabidi nimnyang'anye kibali cha kuingia na mkokoteni uwandani."

Alimwita Mzee Fillemon, aliyeishi nyumba ya tatu. Mzee alikuja akipapasa kwa fimbo. Jicho moja lilikuwa na mtoto wa jicho, na la pili lilikuwa linaelekea huko. Alikaa peke yake na aliishi kwa kuuza kuni na nara. Bila mkokoteni angebeba nini, naye hata njia ya mlangoni alikuwa akiitafuta?

"Ulipita wapi wiki hii, mzee?" aliuliza askari.

"Njia ya siku zote."

"Una hakika?"

 Mzee Fillemon alivua kofia.

"Mwanangu, hakika sina. Siku hizi punda ndio wanaoona, mimi nafuata tu. Labda ni mimi. Kama ni mimi, nisameheni. Hosea angekuwa hai ningeona haya kumtazama."

Elfriede alihisi uso unawaka hadi masikioni. Mzee alikuwa anaomba msamaha kwa kosa ambalo hakulitenda, tena kwa kulitaja jina la Babu. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Retha alimfinya mkono na kumnong'oneza, "Nyamaza, keshakubali mwenyewe."

Elfriede alijichomoa. Alisimama mbele ya mzee, akashindwa kuinua macho.

"Si wewe, Babu Fillemon. Ni mimi. Nilipitisha mkokoteni, nikasikia ndevu zinavunjika, nikaendelea. Halafu nikadanganya."

 Bibi hakugomba, na kule kutogomba kulimuumiza Elfriede kuliko fimbo. Askari aliweka kikombe chini.

"Basi mkokoteni wenu hautaingia uwandani hadi mwaka uishe. Kuni mtabeba wenyewe. Na Jumamosi nne utakuja kupanga mawe kandokando ya ile michirizi yako, mwingine asije akadhani ni barabara."

Mzee Fillemon alirudisha kofia kichwani. "Kumbe sijapofuka kabisa," alisema. Alicheka, lakini machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Jumamosi ya kwanza Bibi alikwenda naye kwa miguu. Retha alifuata nyuma na rundo la mawe kwenye kanga, bila kuambiwa na mtu. Walipofika kwenye njia ya zamani, Bibi alisimama.

"Unajua nani alitengeneza njia hii?"

"Watu wa hifadhi."

"Ni babu yako. Siku aliyokuja kuniposa alisikia kuna kijana mwingine yuko njiani. Akakatisha na mkokoteni hapa ili awahi. Aliwahi kweli! Lakini alipofika kwetu, kabla hata ya kumwamkia baba yangu, alisema, 'Nimeharibu uwanda, nionyesheni mkubwa wa hifadhi nikamwambie.' Ni miaka arobaini na sita sasa. Tazama kama kuna udevu mmoja ulioota."

Elfriede alitazama. Hakukuwa na kitu.

"Mbona hakutuambia?"

"Aliona haya mpaka anakufa. Lakini ndiyo maana walimpa kazi ya kuongoza wageni. Walitaka mtu anayejua gurudumu linaweza kufanya nini. Na hakupita pengine tena. Alitembea ndani ya kosa lake mwenyewe asije akafanya la pili."

Bibi aliinama akaweka jiwe la kwanza kando ya michirizi mipya.

"Aibu haiui, mjukuu wangu. Kila mtu atakosea na ataaibika. Lakini kosa lako likikuvua nguo, usimvue mwenzako ili ujifunike. Babu yako hakufanya hivyo, na wewe hukufanya hivyo, ingawa ulichelewa. Haya, leteni mawe."

Jioni hiyo Bibi aliitungua kofia ya Babu kwenye msumari, akaikung'uta vumbi na kumvika Elfriede. Ilimshukia hadi masikioni.