Siku Kambo Fatouma Alipofagia Zamu ya Mounira

Kwenye mtaa wa Naviundu, jogoo hana kazi. Kabla hajafungua mdomo, Kambo Fatouma amekwisha kuwasha mbabula yake, jiko la makaa. Kambo, ndivyo tunavyomwita bibi hapa Lubumbashi. Mafuta yanalia, mikate inageuka rangi, majirani wanatoka na sahani.

Mjukuu wake Mounira, mwenye miaka kumi na mmoja, alikula mikate miwili. Chai hakuigusa.

«Weye, juu ya nini hunywi chai?»

«Siko na kiu, Kambo.»

«Kila siku huna kiu! Uko mutoto ao uko ngamia?»

Mounira akacheka, akachukua daftari zake, akaenda.

Jumatatu moja alirudi na habari.

«Kambo, mwalimu Adalbert anasema kesho nilete ufagio. Njo zamu yangu ya kufagia classe.»

Kambo akaacha kijiko ndani ya mafuta. Lazima mjue: kwenye shule ile, ufagio ulikuwa adhabu. Aliyechelewa, alifagia. Aliyepiga kelele, alifagia. Mwalimu Adalbert alikuwa mgeni pale, na alitaka kubadilisha: kila mtoto awe na siku yake. Lakini hakuwaeleza wazazi, na Kambo naye hakuuliza.

«Ulichelewa?»

«Hapana.»

«Ulitukana muntu?»

«Hapana, Kambo.»

«Basi! Mujukuu ya bantu ya Maniema, wa kwanza mu classe, afagie sawa mufungwa? Kesho miye mwenyewe nitaenda kufagia fasi yako.»

«Kambo, batanicheka!»

«Bacheke. Meno ni yabo.»

Kesho yake alivaa kikwembe cha sikukuu, akabeba ufagio begani kama bunduki, akaingia darasani. Mwalimu Adalbert ni kijana mwenye heshima. Alimwamkia, halafu akampisha. Utamnyang'anya mama mzima ufagio namna gani?

Kambo akafagia. Ilikuwa mwezi wa tano, mvua zimekwisha, na vumbi la Lubumbashi ni jekundu, halina adabu. Alifagia kwa hasira, na hasira haijui kufagia. Vumbi likapanda mpaka juu ya ubao. Watoto wakakohoa. Kijana mmoja, jina lake Fils, akauliza toka nyuma:

«Kambo anafagia ao analima?»

Darasa zima likacheka. Mounira akaficha uso ndani ya daftari.

Alipomaliza, Kambo akatafuta choo cha shule. Wasichana watatu wakamfuata mbio.

«Kambo, hapana kuingia mule!»

«Nilizala batoto saba. Choo njo itanishinda?»

Akaingia. Alitoka upesi kuliko alivyoingia, pua ndani ya kikwembe. Alichokiona hakiandikwi hapa, maana pengine msomaji anakula.

«Na nyinyi munaenda wapi?» akauliza.

Wasichana wakatazama chini. «Tunafunga mukojo mpaka ku nyumba.»

Mmoja akaongeza: «Mounira hanywi hata mayi asubuhi, asisikie haja.»

Hapo Kambo akaelewa habari ya chai.

Siku ileile Mounira akashikwa na homa. Kila alipokojoa, alilia. Kambo akamwita jirani, Mama Christiane, muuguzi kwenye kituo cha afya. Christiane akawapeleka kituoni, mkojo ukapimwa, Mounira akapewa dawa.

«Ni ugonjwa ya njia ya mukojo,» Christiane akaeleza. «Mutoto akifunga mukojo saa nyingi, na hanywi mayi, bidudu binazaliana mule ndani. Amalize dawa yote, hata akijisikia muzuri. Na anywe mayi mingi.»

«Atakunywa. Na ku masomo harudi tena!»

«Kambo! Examen ya kumaliza classe ya sita imebakisha majuma matano,» Christiane akamkumbusha.

«Bakishatengeneza choo, atarudi.»

«Nani atatengeneza?»

«Balimu!»

«Balimu banasema ni kazi ya bazazi. Bazazi banasema ni kazi ya directeur, mukubwa ya shule. Directeur anasema ni kazi ya Mwansa, mulinzi. Na Mwansa eko mumoja, batoto beko mia sita.»

«Kwa hiyo unataka Mounira asugue choo?»

«Hapana. Sikiliza, usinikate. Kusugua choo ni kazi ya mutu mukubwa, na gants ku mikono, na bottes ku miguu, na eau de Javel ya kuua bidudu. Mutoto asiguse uchafu ya bengine. Lakini mutoto anaweza kufagia classe na uwanja ya lupango. Anaweza kuokota makaratasi. Akitoka ku choo, amwange mayi, anawe mikono na sabuni. Na kabla ya kufagia, anyunyize mayi kidogo chini, vumbi isiingie mu kifua.» Akamtazama Kambo kwa pembeni. «Banasema weye ulilima classe.»

«Nani anasema?»

«Naviundu muzima.»

Kambo akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha homa.

«Na neno moja tena,» Christiane akasema pole. «Ku nyumba yako unafagia kila siku. Uliiba nini?»

Kambo akacheka bila kutaka.

«Unaona? Kusafisha fasi unapokaa si azabu. Ni balimu njo balifanya ikuwe azabu, na sisi bazazi tukaitika. Bote bakifagia, nani atasikia haya?»

Jumamosi wazazi wakakutana shuleni. Directeur alianza kusoma karatasi ndefu. Kambo hakungoja aya ya pili. Akasimama.

«Mulinicheka, na mulikuwa na haki. Nilifagia fasi ya mujukuu wangu: nilikosa. Lakini tulikosa bote. Sisi tulikuwa tunasikia haya juu ya ufagio, na batoto betu banafunga mukojo mbele ya macho yetu. Mounira eko mu kitanda juu ya haya yetu.»

Directeur akakunja karatasi yake.

Siku ile walikubaliana. Zamu ya kufagia ni ya wote, wasichana na wavulana, na mtoto wa directeur ndani yao. Anayechelewa atasema hesabu za kuzidisha mbele ya wenzake. Ufagio si adhabu tena. Wazazi walileta ndoo zenye robine ya kutolea maji, sabuni na eau de Javel. Mwansa alipata gants na bottes, na kila juma wazazi wawili wanamsaidia kusugua vyoo. Juma la kwanza, Kambo Fatouma alijiandikisha mwenyewe. Mwenzake alikuwa baba wa Fils. Huyo hakuchagua, Kambo alimchagulia.

Mounira alimaliza dawa, akarudi darasani. Siku ya zamu yake alifagia pamoja na Fils. Yeye alinyunyiza maji, Fils akasukuma ufagio kama mtu anayefukuza nyoka.

«Polepole, mwalimu wa kulima,» Mounira akamwambia. Safari hii darasa lilimcheka Fils, na Fils mwenyewe akacheka.

Siku ya examen, watoto wa shule nyingine walikuja kuandika palepale. Mama mmoja wa mtaa wa Bel-Air, miwani ya jua kichwani, alimleta binti yake Tracy. Akasimama mlangoni na wazazi wengine. Akatazama uwanja usio na karatasi hata moja. Akatazama mlango wa choo na ndoo ya maji pembeni. Akamgeukia Kambo.

«Mama, samahani. Huku munalipa kampuni gani ya kufagia?»

Kambo akaelekeza kidole. Mounira alikuwa anatoka chooni. Alinawa mikono, akaipangusa kwenye sketi, akakimbia kurudi kwenye meza yake, maana hesabu mbili zilikuwa zinamngoja.

«Ule pale eko mumoja wabo,» Kambo akasema. «Lakini leo usimusumbue. Eko na kazi ingine.»