Pakiti Zilizokataliwa na Kamera

Kila asubuhi Mariam Poni alikunywa chai ya rangi, akajifunga kitambaa kichwani, akatembea kwa miguu hadi kiwandani, huko Pajulu, nje kidogo ya mji wa Arua, kaskazini mwa Uganda. Kiwanda kilikuwa kidogo. Kilisaga mahindi na soya, kikapakia unga wa uji wa watoto. Ilikuwa mwaka 1998, na mashine mpya ya kukagua pakiti ilikuwa na miezi mitatu tu.

Poni alisimama mwisho wa mkanda. Pakiti zilikuja moja moja, zikapita chini ya kamera. Taa iliwaka, kamera ikapiga picha, kompyuta ikaamua. Pakiti nzuri iliendelea na safari. Pakiti mbovu ilisukumwa na mkono wa chuma, ikaanguka kwenye kreti jekundu. Kazi ya Poni ilikuwa kuzipasua zile za kreti na kumwaga unga shimoni.

Kazi hiyo ilimshinda. Miaka ya vita, akiwa mkimbizi upande wa Sudan, Poni alizika mtoto wake wa kiume aliyekufa kwa njaa. Leo anaambiwa amwage unga! Tena anaambiwa na mashine, ambayo haijalala njaa hata siku moja.

Siku moja aliokota pakiti iliyokataliwa. Akaigeuza, upande wa chini ukawa juu, akairudisha kwenye mkanda. Kamera ikaipitisha.

"Unaona?" alimwambia Medina, mwenzake wa zamu. "Hii ilikuwa muzima. Kamera iko na macho mubaya tu."

Medina alicheka. Tangu siku hiyo Poni aligeuza pakiti nyingi. Kila iliyopita ilimfurahisha, maana alijiona ameokoa chakula cha mtoto wa mtu.

Binti yake Rabia aliishi Midia, karibu na Koboko. Alikuwa na mtoto mmoja, Kenyi, wa mwaka mmoja na nusu.

"Nunua unga ya kiwanda yetu," Poni alimwambia. "Iko safi. Mimi mwenyewe iko pale."

Rabia alimsikia mama yake. Alinunua.

Mvua za Agosti zilipokolea, habari ikafika Arua: Kenyi anatapika na kuharisha. Poni alipanda gari la Koboko akiwa na nguo alizovaa tu. Alimkuta mtoto kwenye kituo cha afya. Macho yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka. Mganga, jina lake Natale, alikuwa akitafuta mshipa wa kumtundikia maji.

"Ameharisha siku ngapi?" aliuliza Natale.

"Siku tatu," Rabia alijibu kwa sauti ndogo.

"Siku tatu ni mingi sana, dada. Mutoto akianza kuharisha, mupe maji ya chumvi na sukari saa ile ile. Halafu mulete, usingoje kesho. Alikula nini?"

Rabia akatoa pakiti ya unga kwenye kikapu. Natale aliibonyeza. Unga ukamwagikia vidoleni kutoka kwenye kona ya chini, mahali ambapo plastiki haikushikana. Aliunusa, akakunja uso.

"Hapa iko wazi. Maji ya mvua iliingia. Panya pia inaweza kukojoa. Unga namna hii inageuka sumu."

Poni aliitazama kona ile. Pakiti ya namna hiyo kamera haiwezi kuipitisha, isipokuwa mtu ameigeuza.

Kenyi alikufa kabla ya alasiri. Walimzika Midia siku hiyo hiyo. Poni alishika mkono wa binti yake.

Siku ya nne alirudi kiwandani, akaenda moja kwa moja kwa Taban, fundi wa mashine.

"Fundi, hii kamera inaona pande zote?"

"Hapana, Mama Rabia. Inaona juu peke yake, upande ule mashine inafunga plastiki na moto." Taban alichukua pakiti kutoka kwenye kreti, akaiweka chini ya kamera. Picha ikatokea kwenye kompyuta. "Ona huu mustari. Hapa plastiki ilikunjana, moto haikushika. Ukigeuza, mukunjo inaenda chini, kamera haioni. Kwa hiyo hii hapana kurudi kwa mukanda."

"Na unga ndani iko safi?"

"Leo iko safi. Ikikaa dukani wiki mbili na mvua, hapana."

Poni aliketi sakafuni. "Mimi nilikuwa nageuza," alisema. "Nyingi. Ingine ilienda Midia. Ingine ilimuua mujukuu wangu."

Taban alizima mashine. Hakumkaripia, wala hakumfariji. Alimpeleka kwa meneja, na Poni akarudia maneno yale yale. Siku hiyo magari mawili yalitoka kukusanya unga madukani, Arua hadi Koboko. Pakiti thelathini na nane zilikutwa wazi. Kreti jekundu likawekewa kifuniko na kufuli, na kila pakiti iliyokataliwa ikapasuliwa mbele ya watu wawili.

Lakini Rabia alikuwa hajaambiwa. Poni alipiga moyo konde, akaenda Midia.

Alimwambia wakiwa wamekaa mlangoni. Rabia alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani, akatoka na ile pakiti.

"Nionyeshe," alisema.

Poni akamwonyesha mahali. Rabia akaingiza ncha ya kidole katika tundu, akakiacha pale kwa muda mrefu.

"Kumbe hata mimi ningeona," alisema. "Hakuna mutu aliniambia niangalie." Machozi yakamshuka. Akasimama, akawaita majirani kwa sauti kubwa. "Kujeni! Mama yangu iko na maneno ya kusema!"

Wanawake wakaja, watoto mgongoni. Poni alisema yote, bila kujificha, na aibu ikimchoma. Akawafundisha: kabla ya kununua, bonyezeni pakiti, angalieni juu na chini. Hewa ikitoka, au unga ukitoka, rudisheni dukani. Mkikuta mabonge au harufu ya uvundo, mwageni.

Betty, jirani wa nyumba ya pili, aliondoka mbio bila kuaga. Alirudi na pakiti yake. Alikuwa ameinunua kabla magari hayajapita, na alikuwa hajaifungua. Aliibonyeza mbele yao wote. Unga ukamwagika kiganjani mwake.

"Nilitaka kupika leo jioni," Betty alisema. Mtoto wake mgongoni alikuwa anacheka na shanga za shingoni mwa mama yake.

Rabia aliichukua pakiti ile mikononi mwa Betty. Akaipeleka mwenyewe chooni nyuma ya nyumba, akaimwaga yote.