Ganizani Achota Maji

Kila siku jua lilipochomoza, Enelesi alikuwa kwenye foleni ya pampu. Alikuwa na miaka kumi na minne, mwanafunzi wa darasa la nane. Pampu ilikuwa ng'ambo ya bonde. Alijaza ndoo, akaipandisha kilima, akaimimina pipani, akarudi tena. Baada ya hapo alifagia uwanja, akapika uji, akamwogesha mdogo wake wa mwisho na kuosha vyombo. Mama yake, Zione, wakati huo alikuwa shambani, kwenye mahindi.

Mdogo wake wa kiume, Dalitso, aliamka, akanawa, akanywa uji, akaenda shule.

Baba yao, Ganizani, hakuona tatizo. Alikuwa mtu mpole, mchapakazi. Alilima viazi na kuvipeleka kwa baiskeli kwenye barabara kuu ya Ntcheu, Malawi. Kama wanaume wengi wa kule, alikuwa amehamia kijijini kwa mke wake alipooa.

Mwezi wa kwanza, mwalimu alimwita shuleni. Enelesi alikuwa amepata alama kumi na tisa kwa mia katika hesabu.

Ganizani alirudi nyumbani ameshaamua. "Hesabu si za wasichana," alimwambia mkewe. "Baada ya mavuno atabaki hapa akusaidie. Dalitso ndiye aendelee."

"Mwaka juzi mtoto huyu alikuwa wa tatu darasani," Zione alisema.

"Mwaka juzi umepita."

Enelesi alikuwa akisugua sufuria. Hakuinua macho, ila mkono wake ulisimama.

Jirani yao Nasibeko aliyasikia yote akiwa upande wa pili wa uzio. Nasibeko alikuwa mjane, na alikuwa katika kikundi cha akina mama wa shule, wanaofuatilia wasichana wasikatishwe masomo. Alipiga hodi, akaketi, akapokea kikombe cha togwa. Hakuwa na haraka.

"Shemeji," alimwambia Ganizani, "hesabu hufundishwa saa ngapi?"

"Nitajuaje mimi?"

"Enelesi, mwambie baba yako."

"Kipindi cha kwanza. Saa moja na nusu."

"Na wewe hufika saa ngapi?"

Enelesi alimtazama baba yake kwanza. "Saa mbili na nusu. Siku nyingine saa tatu."

"Unachelewa kwa nini?" Ganizani aliuliza.

"Maji, baba."

Nasibeko alichota mahindi kwenye ungo. Aliwaambia watoto wataje kazi zao za asubuhi, na kwa kila kazi akaweka punje moja chini. Mbele ya Enelesi zilifika saba. Mbele ya Dalitso zilikuwa mbili.

"Zipi hizo?" Zione aliuliza.

"Kunawa na kunywa uji," Dalitso alijibu.

Zione alicheka mpaka akafuta machozi. Ganizani hakucheka. Alizihesabu tena zile punje, moja moja.

"Sikujua ni nyingi hivi."

"Utajuaje? Wewe ukiamka unakuta maji yako pipani," Nasibeko alisema. "Shemeji, huyu mtoto hajashindwa hesabu. Hajafundishwa. Wakati wenzake wanafundishwa, yeye yuko kilimani na ndoo."

Waligawana kazi pale pale. Dalitso angefagia na kuosha vyombo. Zione angeenda shambani baada ya kupika uji na kumwogesha mtoto. Yalibaki maji.

"Baiskeli yangu inabeba gunia la viazi," Ganizani alisema mwishowe. "Madumu hayawezi kuishinda."

Kesho yake alipofika pampuni, wanawake waliacha kuongea.

"Mkeo anaumwa?" mmoja aliuliza.

"Hapana. Nimekuja kuchota."

Alipanga foleni kama wao. Zamu yake ilipofika, Lameck, kaka yake Zione, akapita na jembe begani.

"Shemeji, dada yangu kakulisha limbwata kiasi gani? Wenzako wanaoa. Wewe umeolewa kabisa."

Ganizani aliendelea kupampu. Lakini maneno yale yalimfuata. Kilabuni walimwita Mama Enelesi. Wiki ya pili ilipoanza, aliamka akajisingizia homa. Enelesi alichukua ndoo yake, akaenda.

Jioni Ganizani alimwuliza, "Leo mmesoma nini?"

"Hesabu za sehemu. Nilikuta mwalimu amemaliza. Nimenakili kwa rafiki yangu, ila sijaelewa." Alisema bila kinyongo. "Wewe homa imepungua, baba?"

Ganizani alishindwa kumtazama usoni.

Asubuhi iliyofuata alikuwa wa kwanza pampuni. Lameck alipopita na kuanza utani wake, Ganizani hakuinamisha kichwa.

"Sema yote, shemeji, ila shika huu mpini unipokee. Mpwa wako ana kipindi cha kwanza."

Safari hii wanawake walimcheka Lameck. Hakuwa na pa kujificha. Aliweka jembe chini, akashika mpini, na dumu lilipojaa alikuwa anatweta.

"Kumbe ni kazi," alisema.

"Ni kazi," alijibu mwanamke mmoja. "Na binti yako yuko nyuma yangu kwenye foleni, amevaa sare ya shule."

Mavuno yalipoanza, baiskeli za wanaume pampuni zilikuwa sita. Ya Lameck ilikuwa mojawapo. Alama za Enelesi zilipanda hadi arobaini na moja, kisha sitini na nane. Mwalimu aliyezoea kuanza somo na madawati ya wasichana yakiwa matupu sasa aliyakuta yamejaa. Kikundi cha Nasibeko kilimwomba Ganizani aende kijiji cha jirani kuwaeleza wanaume. Ganizani hakuwa amewahi kusimama mbele za watu. Alisimama, akasema, "Nilidhani binti yangu hana akili. Alikuwa hana muda," kisha akakaa. Watu walisubiri aendelee, lakini alikuwa amemaliza.

Enelesi alifanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi mwezi wa tano. Mwezi wa saba majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalibandikwa kwenye ukuta wa shule. Ganizani alikwenda na binti yake. Alitangulia kufika mbele ya karatasi, lakini yeye shule aliiacha darasa la kwanza, na herufi zile hazikumwambia kitu.

"Uko wapi?" aliuliza.

Enelesi alishika kidole cha baba yake, akakiweka juu ya karatasi, akakisogeza taratibu.

"Hapa. Hili ni jina langu."

"Na hili linalofuata?"

"Hilo ni lako, baba. Enelesi Ganizani."

Kidole chake hakikuondoka hapo. Watu waliokuwa nyuma yake walitaka kuona majina ya watoto wao, lakini wakasubiri.