Uso wa Kufungulia

Simu ya Asmaa ilifunguka yenyewe Jumanne adhuhuri, juu ya godoro la mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na siku arubaini na tatu kaburini.

Mamake, Bi Ummulkheir, alisimama mlangoni na ungo wa mchele. Chumba hakikuwa na mtu. Kilinuka karafuu, na Asmaa karafuu zilimpigisha chafya tangu utotoni.

Simu ile haikufunguka ila ikiuona uso wake. Namba ya siri alikwenda nayo. Picha zake zote zilikuwa ndani. Ukutani hapakuwa na hata moja. Juzi yake Bi Ummulkheir aliipeleka kwa Waleed, muuza simu wa Likoni, naye akamtandikia sifa za simu mpya: betri ya siku mbili, kamera ya macho manne, kioo kisichopasuka hata kikikanyagwa na feri.

"Mie nataka moja tu, mwanangu. Hii ifunguke."

"Hilo la ofisini kwa kampuni ya simu, mama."

Kesho yake ofisini alipewa foleni namba themanini na sita. Bwana wa dirishani alikuwa na tai na huruma, vyote vya kazi.

"Mwenye uso aje mwenyewe."

"Amefariki."

"Pole sana. Basi aje na cheti cha kifo."

Alirudi nyumbani jua li utosini, hasira zimemkaba. Hapo kizingitini, saa ambayo watu wazima hawaiti maiti kwa jina, akapaza sauti: "Asmaa! Ofisini wanakutaka! Njoo basi!"

Siku ya pili yake ndiyo hiyo Jumanne.

Furaha ilitangulia hofu. Alifungua picha moja: Asmaa na nguo ya Idi, meno yote nje. Jumatano simu ikafunguka tena, na katika picha ile mtandio ulikuwepo, herini zilikuwepo, na mahali pa uso palikuwa na ukuta tu. Akatazama nyingine, na kesho yake nayo ikawa hivyo hivyo, na kila adhuhuri karafuu zilizidi kunuka, na kitanda kililia kama kinachokaliwa, na yeye, akijua, akijiambia leo ni mwisho, aliingia akatazama.

Zilipobaki nyuso tatu alimwita Mwalimu Faki, msomaji wa kutoa mashetani.

"Si mwanao," mwalimu alinong'ona. "Uso anaofungulia anautoa humo humo kwenye picha. Kila akikufungulia, anakula mmoja."

"Ukimtoa?"

"Haifunguki tena. Hizo tatu zitabaki ndani."

"Niangalie mmoja tu, mwalimu. Wa kuagana."

"Zitabaki mbili, Bi Ummulkheir."

Mwalimu akaanza kusoma. Simu ikawaka mapajani mwa Bi Ummulkheir, wazi, na kutoka chumbani ikaja sauti aliyoinyonyesha.

"Mama. Mbona hunitazami?"

Akaipindua simu kifudifudi, akajaza leso kinywani ili asiitike. Sauti ililia. Ililia kama Asmaa wa miaka sita aliyeachwa chuo cha Kurani siku ya kwanza. Kisha kitu kikampita, kikamgusa bega, na harufu ikakatika.

Kesho yake alikuwa dukani kwa Waleed.

"Shikamoo mama. Sasa wataka ya namna gani?"

"Marahaba. Ya kupigia tu. Isiyo na kamera."

"Na hiyo mkononi? Naweza kuinunua, ya vipuri."

Bi Ummulkheir aliikumbatia.

"Hii nitafutie chaja nzuri," alisema. "Isizime."